Siku Nne Kabla ya Zege Kuiva

Jumapili, tarehe 9 mwezi wa pili
Leo ni miaka minne, miezi miwili na siku saba tangu niondoke nyumbani.

Mjomba, shikamoo. Na wewe mdogo wangu, karani wa mahakama, hujambo.

Barua hii ni yenu wote wawili. Naiandika nimekaa kitandani, karatasi nimeiweka juu ya kifuniko cha ndoo. Chumba chetu kina vitanda sita na leo viwili ni vitupu. Mmoja wetu yuko hospitali, mwingine amekwenda kumpelekea nguo safi.

Alhamisi tarehe 30 mwezi uliopita, kona ya sakafu ya pili ya jengo letu iliporomoka. Niwaeleze kazi yenyewe ili mnielewe. Zege linapomwagwa juu ya mbao, chini yake tunasimamisha mirunda, yaani nguzo za miti, zimebanana kama watu kwenye foleni ya maji. Pale getini kuna ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu: mirunda isiguswe mpaka siku ishirini na moja zitimie. Zikitimia, msimamizi anatia sahihi kwenye kitabu, tunaanza kuitoa. Hiyo ndiyo kanuni. Lakini mafundi nao wana mambo yao. Kabla mrunda wa kwanza haujatoka, mtu mmoja hupita chini akigonga zege kwa nyundo na kusikiliza. Zege bichi hutoa sauti butu, kama unagonga gunia la unga. Lililoiva hulia. Kwenye kundi letu mtu huyo ni mimi. Ndiyo maana huku hakuna anayejua jina langu. Wananiita Sikio. Hata wale wakubwa wanaokuja na viatu safi hunicheka, lakini hawapiti chini mpaka nigonge.

Siku ile ilikuwa siku ya kumi na saba. Tulikuwa tumeahidiwa likizo ya mwezi mzima sakafu ile ikishafunguliwa, na watu walishafunga mabegi. Langu pia lilikuwa tayari, Mjomba, na shati nililokununulia lilikuwa juu kabisa ili lisikunjike. Msimamizi wetu tunamwita Pimamaji, kwa sababu hata akikaa kula huangalia kama benchi limenyooka. Alituangalia, akaangalia zege, akasema, "Sikio, gonga." Nikagonga mara tatu pale konani. Akaniuliza, "Vipi?" Nikasema, "Limeiva." Akatia sahihi.

Saa nane mchana kona ikashuka. Wote tulikimbia tukatoka, isipokuwa Sentimita. Ni rafiki yangu, mfupi hivi kwamba watu humwambia apande tofali kwanza ndipo asalimie. Alikuwa amerudi kuchukua kofia yake. Zege lilimponda mguu wa kulia. Daktari anasema wataupigania.

Pimamaji ameshitakiwa. Polisi walipomhoji alisema tu, "Sahihi ni yangu." Hakunitaja. Kesi itasikilizwa tarehe 20 mwezi wa tatu, na mimi ni shahidi wa pili.

Karani, niambie nijibu vipi. Mjomba, wewe niambie kosa ni la nani: la kitabu, la nyundo, au la sisi wote tuliofunga mabegi?

Nawakumbuka mkiwa pale mezani, ile meza ya mguu mfupi uliotegemezwa kwa kitabu cha jiografia. Mjomba alikuwa akituuliza: mtu akiwaahidi watu wawili kiti kimoja, amemdanganya yupi? Mimi nilikuwa nasema wa kwanza, kesho yake nasema wa pili. Na wewe mdogo wangu, ukiwa na miaka kumi na moja, uliuliza, "Nani kati yao ana shahidi?" Mjomba alicheka mpaka akamwaga chai. Siku hizi nakumbuka kicheko kile kuliko chai yenyewe.

Mpwa wako na kaka yako,
Sikio


Jumanne, tarehe 18 mwezi wa pili

Kaka, shikamoo.

Barua yako imenifikia kazini, sanduku la mahakama kama kawaida. Nimeisoma nimesimama kati ya makabati ya mafaili, nikajifanya natafuta faili la mtu. Pole sana, na pole zaidi kwa Sentimita.

Kwanza nikugombeze. Mwaka mzima simu yako "imeharibika". Huko kwenye maghorofa yenu hakuna hata mtu wa kukuazima? Nakupigia inaita mpaka inachoka. Mjomba anasema umepata mwanamke mkali. Mimi nasema umetuchoka. Chagua moja utuambie.

Sasa mambo ya sheria. Nimekaa mahakamani miaka tisa nikipokea mafaili, na nimejifunza jambo ambalo Mjomba hataki kulisikia. Sheria haitafuti ukweli wote. Inatafuta kipande kinachotosha kuamua. Ubao unasema siku ishirini na moja. Mirunda ilitoka siku ya kumi na saba. Nani alitia sahihi? Imekwisha. Hakuna kifungu cha nyundo, wala hakuna kifungu cha mabegi.

Kwa hiyo jibu unachoulizwa, ukimaliza funga mdomo. Usiongeze neno, Kaka. Mwaka juzi mlinzi mmoja aliulizwa kama siku ya wizi alikuwa zamu. Badala ya kusema ndiyo, akaeleza kwamba mwili ulikuwa zamu lakini akili ilikuwa kwa mkewe, na kwamba geti alilifunga ila hana hakika kama alilifunga la mbele au la nyuma. Aliingia shahidi, akatoka mshitakiwa.

Nimemsomea Mjomba haya, akasema huo ni woga uliopigwa mhuri. Tumegombana mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia, "Mjomba, wewe unaweza kusema 'inategemea' mpaka chai ipoe. Hakimu ana tarehe, na watu wanaomsubiri wanataka kurudi kwao." Kwetu shaka ikibaki, anapewa mshitakiwa na faili linafungwa. Kwa Mjomba shaka ikibaki, ndiyo kwanza faili linafunguliwa.

Ule ukuta ulioupiga plasta wiki ya mwisho kabla ya kuondoka bado una lile tumbo. Nilileta fundi ausawazishe, Mjomba akamfukuza. Anasema mkono wako uko humo.

Mdogo wako,
Karani


Alhamisi, tarehe 20 mwezi wa pili

Mpwa wangu, marahaba.

Naandika mdogo wako akiwa kazini, na barua hii nitaipeleka posta mwenyewe, polepole, na goti langu hili.

Barua yako nimeisoma mara nne. Umenieleza mirunda, ubao wa rangi nyekundu, kitabu. Umenieleza zege bichi linavyosikika na lililoiva linavyosikika. Kisha ukaandika: "Nikagonga mara tatu. Akaniuliza vipi. Nikasema limeiva." Unajua kwamba kwa miaka thelathini nilifundisha falsafa ya maadili kwa vijana waliosomea ualimu, na kazi kubwa ilikuwa kusahihisha insha zao. Mwanafunzi akitaka kunificha kitu, hakukificha kwenye mstari aliouandika. Alikificha kwenye mstari aliouruka.

Uligonga. Ulisikia nini?

Sikuulizi kama hakimu. Hakimu anataka jibu alifanyie kazi yeye. Mimi nataka jibu ulifanyie kazi wewe.

Unaniuliza kosa ni la kitabu, la nyundo au la mabegi. Ni swali zuri sana, na ndiyo maana nalishuku. Swali zuri ni mahali pazuri pa kujificha. Napajua mahali hapo, nimeishi humo miaka mingi, hata kodi sikulipa.

Ulipoacha shule darasa la sita uliniambia, "Mjomba, mikono yangu inaelewa haraka kuliko kichwa." Nilikubali upesi mno kwa sababu ulikuwa umenijibu vizuri. Hilo nalo huwa nalifikiria nikiwa peke yangu mezani, nyumba ikiwa kimya.

Mjomba wako


Jumapili, tarehe 2 mwezi wa tatu

Mjomba, shikamoo.

Sikusikia kitu.

Nimekaa nikiitazama sentensi hiyo tangu asubuhi. Tangu mwaka juzi hadi mwaka jana nilipewa ile mashine ya kuvunjia zege la zamani, miezi minane, na masikio nilikuwa nayaziba kwa vipande vya sponji ya godoro. Kwanza likafa la kushoto. La kulia linasikia kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta na mdomo umejaa chakula. Sikumwambia mtu. Hapa mimi ni Sikio, Mjomba. Ukiondoa hilo nabaki mbeba mchanga, na wabeba mchanga wako wengi pale getini kila asubuhi.

Simu haikuharibika. Naiona ikiwaka. Naona jina la mdogo wangu linatokea, naishika mkononi inatetemeka mpaka inaacha. Nikiipokea nitasema nini? "Ongeza sauti"? Kwa hiyo nikaanza kuandika barua, nikasema imeharibika.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata mimi sijui niliite nini. Tangu masikio yafe nimepitisha sakafu tatu. Nilikuwa nagonga na kusikiliza kwa kiganja. Zege bichi hulala mkononi, lililoiva huirudisha nyundo. Nilizipitisha zote tatu kwa kiganja, na watu wanaishi juu yake mpaka leo wanakaanga mayai. Kwa hiyo sikudanganya kabisa. Wala sikusema kweli. Lakini siku ile ya kumi na saba kiganja kilisita, Mjomba. Nyundo haikulala, haikurudi. Nikageuka nikawaona wenzangu wamesimama na macho ya watu walioshafika kwao. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafika. Nilikuwa nimeshafungua mlango wenu. Nikasema limeiva.

Sentimita wameukata mguu, chini ya goti. Jumatano. Hajui lolote kuhusu masikio yangu. Ananiambia, "Sikio, wewe na nyundo yako mlinionya nisirudi, mimi ndiye mkaidi." Sikumwonya. Amejitungia hivyo kwenye dawa za usingizi, nami nimemwacha aamini.

Ninachokosa zaidi huku ni sauti za nyumbani. Bati likijinyoosha jua la mchana linapolipata. Mlango wa jikoni na bawaba yake kavu. Wewe ukikohoa kidogo kabla ya kuuliza swali. Nikilala nazipanga kichwani moja moja kama vyombo, nione kama kuna kilichopotea. Sauti ya marehemu mama imeshaanza kufifia, yako bado.

Nikinyamaza, Pimamaji ataubeba peke yake mzigo ambao nusu yake ni wangu. Nikisema, naweza kufungwa mbali na kwetu, na hakuna mtu atakayenipa kazi tena. Nifanye nini? Usimwambie mdogo wangu.

Mpwa wako


Ijumaa, tarehe 14 mwezi wa tatu

Mpwa wangu,

Nitakusimulia kitu ambacho sijamsimulia mtu. Chuoni, mwaka mmoja, karatasi mbili za mtihani zilifanana neno kwa neno. Mkuu aliniuliza nani alimwibia mwenzake, kwa kuwa mimi ndiye niliyesimamia chumba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimetoka nje kuzungumza na rafiki, karibu nusu saa. Nikaomba siku tatu nifikiri. Nilifikiri kweli: kosa ni la aliyeiba, la aliyeacha aibiwe, au la aliyewaachia chumba? Niliandika kurasa kumi na moja. Siku ya nne nilipokwenda na hoja yangu, kamati ilikuwa imeshakaa, vijana wote wawili wameshafukuzwa, na magodoro yao yamekunjwa vitandani. Kurasa zile ninazo. Zimeandikwa vizuri sana.

Falsafa haikunidanganya. Ilinipa muda, nami nikautumia kutosema sentensi moja fupi: nilitoka nje.

Hivyo sina jibu la kukupa, na nisingekupa hata kama ningekuwa nalo. Lakini mdogo wako amenishinda kwenye jambo moja. Kusema kuna tarehe yake.

Mjomba wako

Kaka, mimi tena, chini ya barua ya Mjomba. Uliandika juu ya bahasha "Mjomba peke yake". Kwa karani, hayo ni maneno ya "fungua upesi". Nimefungua.

Kama karani nakwambia: una haki ya kutojibu swali litakalokutia hatiani mwenyewe. Simama, sema, "Mheshimiwa, naomba nisijibu." Hiyo haki ni ya kweli, na sheria haiitoi kwa huruma. Imeiweka kwa sababu inajua binadamu ni nani.

Kama mdogo wako sijui nikwambie nini. Mwaka jana nilikupigia siku ya kupandishwa cheo. Nilikupigia Mjomba alipolazwa. Siku nyingine nilikupigia ili nikutukane tu, na nikaitukana simu ilipokuwa inaita. Na wewe ulikuwa umeishika.

Karani


Jumapili, tarehe 23 mwezi wa tatu

Mjomba, shikamoo. Mdogo wangu, nisamehe.

Barua yenu imefika jana. Kesi imeshakwisha. Kwa hiyo niliingia mahakamani na barua moja tu mfukoni, ile ya kwanza ya Karani: jibu unachoulizwa, usiongeze neno. Nilikuwa nimeamua kuifuata. Msidhani nilikwenda pale nikiwa shujaa.

Ukumbi ni mdogo, feni moja, mabenchi ya mbao ambayo Pimamaji aliyatazama mara moja tu nikajua hayajanyooka. Mwendesha mashitaka ni kijana anayesema huku anatembea, na akigeuka dirishani sipati hata neno. Akauliza. Nikasema, "Unasemaje?" Akauliza tena. Nikasema, "Unasemaje?" Mara ya tatu watu wakacheka. Naona mtu anapocheka, Mjomba, meno hayahitaji masikio. Baadaye nilielezwa kwamba mtu mmoja wa nyuma alisema, "Na huyu ndiye wanamwita Sikio!"

Hakimu ni mama mmoja wa makamo, miwani kaishusha puani. Aliinua mkono wakanyamaza. Akainama mbele, akanitazama, akasema polepole mpaka nikayaona maneno mdomoni mwake:

"Shahidi, unanisikia?"

Halikuwa swali la kesi. Alitaka kujua tu kama nafaa kuendelea. Karani, katika yote uliyonifundisha, hilo hukunifundisha. Mwaka mzima nilikuwa nikiulizwa hivyo najibu ndiyo kabla mtu hajamaliza. Neno lilishafika ulimini. Nikamtazama Pimamaji. Alikuwa anaangalia chini, mikono magotini, kama mtu anayesubiri basi ambalo anajua limeshapita.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema.

"Tangu lini?"

"Mwaka na ushee."

Akaandika. Mwendesha mashitaka akataka kuendelea na kitabu cha sahihi. Nikasema, "Mheshimiwa, naomba kuongeza."

"Hujaulizwa."

"Najua, mheshimiwa. Mdogo wangu ni karani wa mahakama huko kwetu, amenikataza nisiongeze."

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Akaweka kalamu chini. "Ongeza. Lakini ujue kwamba utakalosema linaandikwa, na linaweza kukurudia."

Nikasema yote. Nyundo, kiganja, begi. Nilisema kwa sauti kubwa, nadhani, kwa sababu walinzi wa mlangoni waligeuka. Nilipomaliza, Pimamaji akasimama bila kuitwa, akasema anabadilisha jibu lake na anakiri kosa.

Hukumu imesomwa Ijumaa. Rafiki mmoja aliniandikia maneno ya hakimu kwenye kiganja cha mkono na mengine kwenye pakiti ya sigara, nanyi mtanisamehe kama kuna lililokosekana. Alisema mahakama imemsikia shahidi, na inaamini anasema kweli. Lakini siku ishirini na moja ziliwekwa ili maisha ya watu yasitegemee sikio la mtu yeyote, zima au bovu. Mjomba, nimeyarudia maneno hayo mara nyingi. Kama sikio langu lingekuwa zima na zege likalia kama kengele, bado tungekuwa na kosa. Hata wale wa sakafu tatu wanaokaanga mayai, bado kosa. Nilidhani kanuni ile ni ya watu wasiojua zege. Kumbe ni ya watu wanaotujua sisi.

Pimamaji amepewa kifungo cha nje, miezi sita, na haruhusiwi kusimamia ujenzi kwa miaka mitatu. Kuhusu mimi hakimu alisema sentensi moja. "Shahidi anaweza kwenda." Nikasimama pale sijui niende wapi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Nje nilimfuata Pimamaji. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja polisi. Akaniandikia kwenye daftari lake la vipimo, maana sasa anajua: "Ningekuwa mtu mzima aliyejificha nyuma ya nyundo." Akageuza ukurasa: "Uliniongopea neno moja. Mimi nilijiongopea siku nne." Kisha akachana kurasa zile mbili akazitia mfukoni mwake, hakunipa. Hakunipa mkono pia.

Sheria imenimaliza, Mjomba. Imenipima, imeona sifai kufungwa, imenirudisha. Kazi sina, nimejiondoa kabla ya kuondolewa. Nauli ninayo na begi limefungwa tangu mwezi wa kwanza. Lakini Sentimita bado anamshukuru mtu aliyemwonya.

Kesho nakwenda hospitali.

Sikio, jina bado ni hilo, wanalitaja sasa kwa kunionyesha kidole sikioni


Jumapili, tarehe 18 mwezi wa tano
Miaka minne, miezi mitano na siku kumi na sita tangu niondoke.

Mjomba, shikamoo. Mdogo wangu, hujambo.

Barua zenu tatu zimefika, na hasira zenu nimezipata zote. Sikujibu kwa sababu sikuwa na la kujibu mpaka jana.

Siku ile nilimwambia Sentimita akiwa anakunywa uji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitupia kikombe, kikanipata begani, uji ukaniishia shingoni. Akasema jambo, sikulipata, nikamwonyesha sikio. Akachukua kalamu ya muuguzi, akaandika kwenye shuka la hospitali: "Mahakama imekuachia?" Nikasema ndiyo. Akaandika: "Yangu haijakaa."

Kesho yake nilikwenda, akageukia ukutani. Siku iliyofuata vilevile. Nilikuwa nakaa kwenye stuli mpaka muda wa kutazama wagonjwa uishe, naondoka. Siku ya tisa aligeuka akanivuta shati. "We kiziwi! Nishike, nataka kwenda nje nione jua." Nikamshika. Ni mzito kuliko anavyoonekana, na nilipomwambia hivyo akasema uzito ule ni hasira, utapungua. Tangu hapo kila siku namtoa uani. Kwa wiki nzima tulizunguka na magongo, mimi nikiwa ukuta wake. Anapenda kuwaambia wagonjwa wengine, "Mimi mguu mmoja, huyu nusu sikio. Mkituunganisha mnapata mtu mmoja, na vipuri vinabaki." Msidhani utani ule ni msamaha. Mara nyingine tukiwa katikati ya uwanja anasimama, anatazama pale suruali ilipopigwa fundo, na mimi napata kazi ya kutazama mawingu.

Wiki iliyopita aliniuliza. Alihakikisha nimemtazama mdomo.

"Ungesikia vizuri kwamba halijaiva. Begi limefungwa, watu wote wanakutazama. Ungesema?"

Mjomba, hilo hata hakimu hakuniuliza, na asingeweza. Halina kitabu wala shahidi. Halikutokea. Nilitaka kujibu ndiyo, haraka, kama mtu anavyopokea sahani ya moto na kuitua. Nikamwambia anipe muda. Nikakumbuka kurasa zako kumi na moja, nikaona nisichukue siku zaidi ya tatu. Nilitembea. Nilikwenda mpaka kwenye jengo letu, nikasimama nje ya uzio, nikaitazama ile kona. Nilijaribu kujiona pale na masikio yangu ya zamani, yale niliyotoka nayo nyumbani. Naye yule kijana wa zamani nilimwona anamtazama Pimamaji, anawatazama wenzake, anafungua mdomo. Kila mara anafungua mdomo. Lakini lile neno linalotoka silipati.

Jana nimekwenda nikamwambia, "Sijui."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea chenji akaihesabu ikatimia. Akasema, polepole nione, "Hilo ndilo la kwanza kutoka kwako nimeliamini."

Kisha akasema mama yake anadhani ilikuwa ajali tu, zege liliamka vibaya. Akasema, "Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe, ukiwa umekaa mbele yake, na mimi nipo." Nikasema nitamwambia. Akasema, "Mama yangu hatupi vikombe. Anatupa vitu vikubwa."

Karani, najua utaniuliza kifungu gani kinanilazimisha. Hakuna. Mjomba, najua utaniuliza kama kufanya hivi kutatosha. Sijui, na sitangoja nijue ndipo niende.

Daktari anamruhusu Ijumaa tarehe 6 mwezi wa sita. Kwao ni safari ya siku mbili kwa basi, na ngazi za basi mtu wa magongo hazipandi peke yake. Nitakaa huko siku mama yake atakazotaka nikae. Nimekadiria nne. Zikizidi nitawaandikia.

Natarajia kufika nyumbani Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa sita, basi la mchana. Kituoni msiniite kwa jina wala msipige kelele. Nitawapita kama sikuwaona. Atakayeniona kwanza anishike bega.

Kaka yako na mpwa wako